Mario wa kiganjani na Mario wa kwenye TV: kwa nini Deluxe ya 1999 naiweka juu

Ubishi wa Super Mario Bros. Deluxe, ile gemu ya Mario ya zamani iliyowekwa kwenye Game Boy Color, mashine ya kushika mkononi, kila siku unaishia sehemu moja, mtu anakwambia kioo kidogo, huoni mbele, basi kesi imekwisha. Na ni kweli kioo ni kidogo, sitakataa, hilo nitalipigia hesabu hapa chini mpaka tuelewane. Ila naona watu wanalihukumu lile toleo kwa macho peke yake wakati gemu ya kuruka kama Mario unaicheza kwa kidole gumba, na ukikiacha kidole gumba kiamue, basi Deluxe ya Game Boy Color iko karibu zaidi na Mario wa 1985 kuliko ile ya Super Nintendo yenye milima mizuri na rangi kibao, na iko karibu zaidi hata kuliko ile tuliyokuwa tunacheza wote huku Mtwara miaka ile. Hiyo ya mwisho najua itawashtua watu wa Magomeni na Chikongola waliokulia kwenye mabanda ya gemu, nawaomba tu msome mpaka chini kabla hamjaanza kunipigia simu.

Kwanza tuwekane sawa tunalinganisha nini na nini. Super Mario Bros. yenyewe ilitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985 kwenye Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchomeka kwenye TV, kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, muziki wa Koji Kondo, dunia 8 na kila dunia levo 4, jumla levo 32, na vyote hivyo vimeingizwa kwenye kilobaiti 40 tu. Ndo maana wingu la juu na kichaka cha chini ni mchoro ule ule mmoja, wamebadilisha rangi tu, leo ukicheza angalia utaona. 1993 Nintendo wakaichora upya kwenye Super Mario All-Stars ya Super Nintendo, mashine ya TV iliyofuata Famicom. 1999 ikaja Deluxe ya Game Boy Color, ambayo ndo nayoizungumzia. 2004 wakaitoa tena kwenye Game Boy Advance ikiwa ile ile ya zamani, na 2020 wakatoa kile kimashine kidogo cha Game & Watch kuadhimisha miaka 35 ya Mario.

Hayo ndo matoleo yanayoandikwaga. Kuna lingine haliandikwi na ndo lililotulea sisi. Huku Kusini hatukuanza na Nintendo yenyewe, sijawahi kuona Famicom halisi Mtwara hata moja, tulianza na mashine za kuigiza, zile za plastiki nyepesi zinakuja na pedi mbili na bunduki moja ya rangi, zinauzwa Kariakoo halafu zinaletwa huku na basi, na hapo kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003 ilibidi basi livuke kwa pantoni, mvua zikikolea barabara inafungwa na mzigo unalala njiani, kwa hiyo kaseti mpya ikifika mtaa mzima unajua. Kaseti imeandikwa ina gemu 9999999 ndani, ukifungua unakuta gemu chache zinajirudia rudia, Mario mwenyewe yumo mara kadhaa, huyu anaanza dunia ya kwanza, huyu anaanza ya tano, huyu rangi zimegeuzwa. Hakuna kitabu cha maelekezo wala boksi lenye jina la aliyeitengeneza. Sisi tulijua ni gemu ya Mario na imetoka China, ndo hivyo.

Sasa kuna jambo kuhusu zile mashine ambalo ukilielewa linabadilisha mjadala wote. TV za Japani na Marekani zilikuwa zinapiga picha 60 kwa sekunde. Tanzania tulifuata mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, na mashine za kuigiza zilizotengenezwa kwa ajili ya TV kama zetu nazo nyingi zilikwenda kwa 50. Na Mario wa 1985 hana saa ndani yake, anahesabu picha. Kila picha moja ni hatua moja, akikimbia spidi yake ya mwisho anasogea pikseli, zile nukta zinazounda picha, 2 na nusu kwa kila picha, na ile saa ya juu kulia inapungua namba moja kila baada ya picha 24. Ukimwekea mashine yenye picha 50 badala ya 60 kila kitu kinapungua kwa moja ya sita, kukimbia, kuruka, kudondoka, mwendo wa muziki, wale kobe maadui, vyote. Zile 400 za saa mwanzo wa levo, ambazo Japani ni dakika 2 na sekunde 40, kwetu zilikuwa dakika 3 na sekunde 12. Kaseti rasmi za Ulaya Nintendo wenyewe walizirekebisha kufidia hiyo tofauti, lakini zile za Kariakoo zilibeba gemu ya 60 na kuipiga kwa 50, nani angerekebisha?

Kwa hiyo Mario wetu alikuwa mzito. Alikuwa anaelea hewani muda mrefu kidogo kuliko alivyopangiwa na Miyamoto, na sisi tukalizoea lile elea, vidole vikajifunza humo.

Banda la gemu la karibu na kwetu Magomeni lilikuwa na TV zake zimepangwa ukutani, na msimu wa korosho ukifika, wazee wakishalipwa na watoto nao wakapata vihela, hapaingiliki. Sheria ilikuwa ukifa unatoa pedi. Laifu zako tatu zikiisha unampisha mwingine hata kama ulishafika dunia ya sita. Mabinti tulikuwa hatukai pale, hakukuwa na kibao kinachokataza ila mama alikuwa hataki kabisa na wavulana nao wanakuzomea mpaka unasahau kitufe cha kurukia, kwa hiyo mimi nilicheza nyumbani kwa mama mkubwa Shangani, binamu zangu walikuwa na mashine yao, wikiendi, umeme ukiwepo. Na umeme wa Mtwara kabla gesi ya Mnazi Bay haijaanza kuufua ulikuwa wa kubahatisha, uko dunia ya nne unaongea na binamu yako vizuri tu TV inazima, na ile gemu haina kusevu, umeme ukirudi unaanza 1-1, yaani dunia ya kwanza levo ya kwanza.

Baba mdogo alikuwa baharia, akarudi safari moja na Game Boy Color ya zambarau, ile plastiki inayoonyesha ndani unaona mpaka waya, na kaseti moja tu ya Mario Deluxe. Akanipa mimi, sio wavulana. Nadhani hakujua amefanya kitu gani kikubwa.

Tukae sasa kwenye gemu yenyewe.

Spidi ndo kitu cha kwanza vidole viliona. Game Boy Color inapiga picha karibu 60 kwa sekunde, inakosa kidogo tu kufika, na Nintendo walichukua mwendo wa Mario wa 1985 wakauweka humo bila kuuchezea. Kwa hiyo mtu wa Mtwara akihama kutoka TV ya banda kwenda kwenye kile kimashine alikuwa anakutana na Mario wa Kijapani kwa mara ya kwanza, mwepesi, anadondoka haraka, anateleza kidogo akigeuka, muziki wa Kondo unakimbia kama ulivyoandikwa. Watu wengi huku walisema Deluxe imeongezwa spidi. Haijaongezwa, TV zetu ndo zilikuwa zinapunguza.

Halafu kioo. Famicom inachora picha ya pikseli 256 kwa 240. Game Boy Color ina 160 kwa 144. Ukipima kwa matofali, maana tofali moja la Mario ni pikseli 16, TV inakuonyesha matofali 16 kwa upana na 15 kwa urefu, kiganjani unaonyeshwa 10 kwa 9. Kwa eneo zima unabaki na zaidi kidogo ya theluthi moja. Hapo waliotengeneza walikuwa na njia mbili, ama waifinye picha yote iingie, ama wamwache Mario na ukubwa wake ule ule wakate dunia inayomzunguka. Wakakata. Ni kama kanga ukiikata nusu, ua linabaki na ukubwa wake na jina linasomeka, ila pindo la upande mmoja limeenda.

Na hilo pindo lina gharama, tuipige hesabu kama nilivyoahidi. Chukulia Mario yuko katikati ya kioo anakimbia spidi ya mwisho. Kwenye TV ana pikseli 128 mbele yake, kwenye Game Boy Color ana 80. Kwa picha 60 kwa sekunde anakula pikseli 150 kila sekunde, kwa hiyo Mjapani mwenye TV ana sekunde 0.85 kati ya kukiona kitu na kugongana nacho. Mwenye Game Boy ana 0.53. Na sisi wa TV ya PAL na mashine ya Kariakoo, Mario anakula pikseli 125 tu kwa sekunde, tulikuwa na sekunde 1 na ushee. Umeona? Binti aliyetoka kwenye TV ya mama mkubwa Shangani kwenda kwenye Deluxe amepunguziwa muda wa kufikiri karibu nusu yake, vitu viwili vimegongana kwa pamoja, kioo kimekatwa na spidi imerudi mahali pake. Ndo maana malalamiko ya kioo kidogo huku kwetu yalikuwa makali kuliko nayoyasoma ya watu wa Marekani, wao walipoteza upana tu.

Ila ona kinachotokea ukikubali kukaa nayo. Unaacha kucheza kwa kuona, unaanza kucheza kwa kujua. 1-1 unajua baada ya bomba la nne ndo kuna laifu iliyofichwa, unajua shimo la kwanza linakuja mara baada ya hapo, huhitaji kuliona. 8-1 yenye mashimo yasiyoisha, kwenye TV unayaona yakija unajipanga, kwenye Deluxe lazima iwe imeshaingia kichwani, hili dogo, hili pana, hili lina ka-nguzo kamoja katikati ka kutua mguu. Nilipokuja kurudi kwenye TV baadaye nilikuwa nayapita yale mashimo bila kupunguza mwendo. Kwangu hiyo ni faida kubwa, na sijaona toleo lingine linalomfundisha mtu ramani ya ile gemu kiasi hicho.

Wima ndo kuna tatizo ambalo kumbukumbu hailitibu vizuri. Ukisimama chini kabisa sehemu ya juu ya levo iko nje ya kioo, wamekuwekea ukibonyeza juu au chini picha inasogea ukachungulia, sawa, lakini nani anachungulia huku anakimbizwa? Lakitu wa 4-1, yule anayekaa kwenye wingu anatupa wale wenye miba, mara nyingine humwoni mwenyewe, unaona tu miba inadondoka kutoka juu. Na levo za madaraja kama 2-3 samaki wanaruka kutoka chini ambako nako hukuoni kote. Pale Deluxe inakuonea na sina cha kuitetea.

Mpwa wangu ana ile Game & Watch ya 2020, kaka yangu alimletea kutoka Dar. Kioo chake ni cha inchi 2.36, kwa ukubwa wa mkononi karibu sawa tu na cha Game Boy Color yangu, ila yeye ndani yake ana picha nzima ya Famicom na taa ya nyuma juu. Siku moja tukaziweka mbili pamoja pale barazani.

"Shangazi, Mario wako mbona mkubwa hivi?"

"Huyu ndo saizi yake. Wako wamemrudisha nyuma ili dunia yote iingie."

"Sasa si bora kuona yote?"

"Nionyeshe kobe yuko wapi hapo."

Akasogeza macho karibu kabisa na kioo. Alimwona, ni kijana, ana macho mazuri, na kwa kweli ile Game & Watch nimeicheza nikaipenda, ukiwa na mwanga wowote inacheza. Lakini hapo ndo unaona kwamba hakuna kioo cha inchi mbili na ushee kinachokupa vyote. Wale wa Game Boy Advance 2004 nao walichagua kufinya, mashine ile ina pikseli 240 kwa 160, wakaibana picha kutoka juu kuja chini mpaka ikaingia, Mario akawa mfupi mpana na michoro ikapoteza mistari. Upana umebaki karibu wote, hilo ni kweli, ukikimbia unaona mbele kama kwenye TV, ila ule mchoro wa pikseli 16 uliopangwa nukta kwa nukta ukiuondolea mistari kadhaa hauwi tena ule. Mimi kati ya kukatwa na kufinywa nachagua kukatwa, ninachoonyeshwa kiwe kamili.

Sasa All-Stars, ambayo nilikuja kuicheza Dar kwenye Wii, mashine nyingine ya Nintendo, ya rafiki yangu, lile toleo la 2010. Hii ndo watu wengi wanaiita nzuri kuliko zote na ukiiangalia tu ni nzuri, mawingu na vichaka kila kimoja kimepata mchoro wake, usiku una nyota, ngome zina mapambo, kusevu kupo. Tatizo liko kwenye tofali. Kwenye gemu ya 1985 Mario mkubwa akipiga tofali kwa kichwa likavunjika anarudishwa chini palepale, kichwa kimegonga kitu kigumu. Kwenye All-Stars akilivunja anaendelea kupanda. Inasikika jambo dogo, lakini levo ya 1-2 nzima ni matofali juu ya kichwa, na mwili wako umeshazoea kwamba ukigonga unashuka, unapanga mguu uinuke tena sekunde ile, sasa yeye bado yuko juu anaelea kwenye tundu alilotoboa, na huku chini kiuyoga kibaya kimeshasogea mahali ulipokuwa unataka kutua. Mtu aliyeanza na All-Stars hataona chochote. Aliyeanza na ile ya zamani, hata ile yetu nzito ya picha 50, atajua ndani ya dakika moja kwamba kuna kitu kimeguswa. Maana yetu ilikuwa nzito lakini ilikuwa nzito kwa usawa, kuruka na kudondoka na kugonga vyote vimepungua pamoja, uwiano wake haukuvunjika.

Deluxe ukigonga tofali unashuka. Wangeweza kabisa kuchukua kazi ya 1993 kama msingi, ilikuwa mpya zaidi, wakarudi kwa ile ya 1985. Michoro nayo wakaiacha ilivyo, walichoongeza ni vitu vichache, maji yana mawimbi, moto wa kwenye ngome unachemka, na kati ya levo na levo kuna ramani. Muziki pia umehama salama, Famicom kwa gemu hii ilikuwa inatumia sauti mbili za juu, moja ya besi na moja ya kelele za ngoma, na Game Boy Color nayo ina nne za aina hiyo hiyo, kwa hiyo haikubidi kupunguza kitu.

Kuna kimoja walichokiondoa ambacho mimi bado nakidai. Mwisho wa 1-2 kwenye ile ya zamani, ukijua namna ya kujiingiza ukutani pale karibu na mabomba ya kurukia dunia, unaingia kwenye bomba kabla mashine haijaandika namba zake na unatupwa kwenye dunia imeandikwa "-1", levo ya maji isiyo na mwisho, unaogelea unafika kwenye bomba unarudishwa mwanzo mpaka saa ikumalize. Ilikuwa hitilafu tu, mashine inasoma dunia ya 36 na alama ya 36 kwenye orodha ya herufi zake ni nafasi tupu, ndo maana unaona kistari na 1. Lakini kwa mtaa wetu ile ilikuwa siri ya heshima, kijana aliyejua kuingia dunia ile alikuwa na jina Magomeni nzima, na stori zake za nini kiko mwisho wake zilikuwa ndefu kuliko gemu yenyewe. Deluxe wameuziba ule ukuta. Naelewa kwa nini, fundi akiona tundu anaziba, ila kwenye toleo ambalo limejitahidi kulinda kila kitu cha 1985 mpaka namna ya kuteleza, kuziba pale kunaniuma kweli.

Walichotoa badala yake ni kingi, tuwe wakweli. Kuna sehemu ya changamoto ambayo kila levo katika zile 32 imewekewa sarafu nyekundu 5, yai lililofichwa la Yoshi, yule dinosaria rafiki wa Mario, na alama za kufikisha. Hapo ndo kile kioo kilichokatwa kinageuka kuwa sehemu ya mchezo, maana sarafu nyekundu wameziweka juu ya matofali na pembeni ambako ukikimbia moja kwa moja huzioni, inabidi uende polepole uchungulie, uulize hapa juu kuna nini. Levo niliyokuwa nimeipita tangu niko mdogo nikiwa nakimbia tu nikaanza kuikagua kona kwa kona. Kuna mbio dhidi ya Boo, yule mzimu mweupe, ukifikisha alama 100,000 anafunguka, anapita katika kuta wewe unazunguka, na anakufundisha kukimbia bila kusita kuliko kitu chochote. Unaweza kuwa Luigi, ndugu yake Mario, ukitaka. Kuna mashindano ya watu wawili kwa kebo pia, hayo Mtwara nilikuwa sina wa kushindana naye kwa sababu ilibidi mwenzio naye awe na mashine na kaseti yake.

Na kusevu. Watu wa sasa hawajui uzito wa hilo. Mimi ile gemu ya TV sikuwahi kufika mwisho wake pale Shangani, sio kwa sababu ya ugumu, ni kwa sababu ya umeme na kwa sababu zamu ilikuwa ya binamu. Deluxe inakaa kwenye betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, haina habari na nguzo ya umeme wala na mtu aliyesimama nyuma yako anasubiri ufe. Kioo chake hakina taa, kinategemea mwanga wa nje, na kwa mtu wa pwani ya Kusini hilo lilikuwa sawa kabisa, jua la Mtwara saa tisa ukikaa barazani zile rangi zinawaka vizuri kuliko TV yoyote. Usiku ndo shida, unainamia koroboi unatafuta upande ambao kivuli cha kichwa chako hakiangukii kioo. Dunia ya 8 niliimaliza hivyo, nimeisevu vipande vipande, na lile joka la mwisho nililiangusha nikiwa peke yangu bila mtu wa kunizomea wala kunipigia makofi. Kwa binti ambaye banda halikuwa lake, toleo la kiganjani ndo lilikuwa toleo pekee lililompa gemu nzima kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hili nalihesabu kwenye ulinganisho sawa tu na pikseli na picha kwa sekunde, kwa sababu gemu ambayo huruhusiwi kuimaliza umepewa nusu yake.

Kwa anayetaka kuijaribu leo, tangu 2014 iliuzwa tena kwenye Nintendo 3DS kwa njia ya kupakua na duka lile limeshafungwa, kwa hiyo ni kutafuta kaseti yenyewe. Ukiipata anza na ile sehemu ya kawaida ya 1985, usikimbilie changamoto, cheza dunia ya kwanza taratibu mpaka vidole vikubali spidi, hasa kama na wewe ulilelewa na TV ya PAL. Ukifika 8-1 ndo ujipime.

Ila ukifikisha alama 300,000 itakufungulia gemu nyingine nzima ndani yake, ile Super Mario Bros. 2 ya Japani ya 1986, ngumu kuliko ya kwanza, na hapo nakushauri tofauti. Ile ilitengenezwa kwa watu walioimaliza ya kwanza, inataka uruke mbali kuelekea mahali ambapo lazima upaone, ina uyoga wa sumu, ina mabomba yanayokurudisha nyuma, na matofali 10 ya upana hayaitoshi, unajirusha gizani unakufa unajifunza unarudi unakufa tena. Hata wao wenyewe waliipunguza walipoileta humo, upepo hawakuuweka na zile dunia za ziada baada ya ya nane hazimo. Kumbukumbu inayokubeba 8-1 haikubebi kule, kwa sababu hujapata nafasi ya kuona hata mara moja kabla hujakumbuka. Hiyo itafutie TV, iwe ya All-Stars au ya zamani yenyewe, na kiganjani baki na ile ya 1985.